Stika za RFID au msimbo pau?

SWALI: Maktaba yetu ya mtaa hapa Kayole ina vitabu kama 4,000, na wanaoazima bado tunawaandika kwenye daftari. Kamati inataka tununue stika za RFID (zenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya redio) kama za vyuo vikuu. Je, zitatufaa?
– Mkutubi, Kayole

JIBU: Kwa vitabu 4,000, anzeni na msimbo pau, ile mistari inayosomwa kwa skana. RFID huharakisha kazi iliyokwisha kupangika. Katalogi ikiwa na makosa, mtayapata makosa yale yale, ila kwa kasi. Wekeni kwanza Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba, iliyoanza kutumika Nyuzilandi mwaka 2000. Ikikaa kwenye kompyuta ya humo humo maktabani, intaneti ikikatika kazi haisimami. Stima ikipotea itasimama, kwa hiyo tengeni pesa za UPS, betri ya akiba ya kompyuta.

Chapisheni lebo za msimbo pau kwa printa ya leza. Wino wa printa ya kawaida hutapakaa kwa jasho la mikono. Acheni nafasi nyeupe ya milimita 6 hivi kila upande wa mistari. Mkiikata, skana haijui mistari inaanzia wapi. Bandikeni nje, jalada la nyuma, msilazimike kufungua kila kitabu. Na msifunike lebo kwa selotepu inayong'aa: hurudisha mwanga, skana ikashindwa kusoma.

Skana ya USB ni kama kibodi tu: huandika namba, kisha hubonyeza Enter. Namba ikitokea kwenye skrini lakini Koha ikabaki imetulia, skana haijapangwa kutuma hiyo Enter. Kijitabu chake cha maelezo huwa na msimbo wa kuiwasha, uskani, basi.

Kamati ikishikilia RFID, agizeni stika za megahezi 13.56 zinazofuata kiwango cha ISO 15693. Hubandikwa ndani ya jalada la nyuma, karibu na mgongo. Ila kwa vitabu vyembamba (na vya watoto karibu vyote ni vyembamba) badilisheni mahali: kimoja chini, kinachofuata katikati, cha tatu juu. Stika zikilaliana sawasawa, antena huvurugana, na mtu huweka vitabu vitano mezani mashine ikahesabu vitatu. Chuma nacho ni adui. Kisomaji kikiwekwa juu ya meza ya chuma hupungukiwa nguvu, na jalada lenye utando wa metali huweza kuizima stika kabisa. Jaribuni vitabu 50 kabla ya kulipia vyote.

Ndani ya chipu andikeni namba ya kitabu pekee, kisha muifunge isiandikwe upya. Simu nyingi zenye NFC (uwezo wa kusoma chipu kwa karibu) husoma stika hizi, kwa hiyo jina la msomaji lisiwemo kamwe.

SWALI: Stika za RFID zitazuia wizi?

JIBU: Kwa kiasi. Kitabu kilichofungwa kwa foili ya jikoni hupita lango la kunasa stika, lile la mlangoni, bila mlio. Hesabuni thamani ya vitabu vilivyopotea mwaka jana. Ikiwa chini ya bei ya lango, lango lisubiri.