Iache kaunta ipate moto kwanza

Mteja aliniletea redio mbili za upepo za walinzi, kibandani kwangu Kariakoo. Tatizo lilikuwa swichi ya kuongelea tu. Nikazirekebisha, kisha nikaona nizipime na masafa, yaani idadi ya mizunguko ya mawimbi kwa sekunde, maana wiki ileile nilikuwa nimenunua kaunta, kifaa cha kupimia masafa, yenye tarakimu nane. Kwenye megahezi 155, ikasema zote zimehama karibu kilohezi 3. Nikazungusha trima, skrubu ndogo ya kurekebisha masafa, mpaka namba zikakaa sawa. Jioni simu ikaita: fundi, sauti inakwaruza, wenzetu hawatuelewi.

Redio zilikuwa sahihi. Iliyokosea ni kaunta, na hapo ndipo wengi tunapotegwa. Kaunta inahesabu mizunguko ya mawimbi ndani ya muda fulani, na muda huo inaupata kwenye kristali yake yenyewe, kipande cha kwatzi kinachotetema kwa mwendo maalumu. Ukiiachia sekunde 1, inakuonyesha hadi hezi 1. Ukiiachia sekunde 10, hadi sehemu ya kumi ya hezi. Lakini kristali hiyo ikikosea sehemu 20 tu kwa milioni, kwenye megahezi 155 umepotea hezi 3,100, hata namba zikitulia vipi.

Kwa hiyo siku hizi nikifungua kibanda naiwasha kaunta kabla sijanywa chai, ikae nusu saa. Umeme ukikatika, naanza upya. Feni haiielekei, kwa sababu kristali inayumba na joto, na joto la Dar mnalijua.

Kilichonipa amani zaidi ni kipokezi cha GPS kinachotoa megahezi 10. Setilaiti zile zina saa za atomiki, kwa hiyo kaunta inaazima muda wake huko kupitia tundu la nyuma. Kaunta yako ikiwa na tundu hilo, litumie! Antena iweke nje ione anga; chini ya bati haipati kitu.

Na tafadhali, redio ya wati 5 usiichomeke moja kwa moja kwenye kaunta, utaunguza mlango wake. Ifunge kwenye mzigo wa omu 50, kipinga kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena, kaunta ipe kijiantena kifupi pembeni.

Ukipima kristali kwenye bodi, probu (waya wa kupimia) ya osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi kwenye skrini, iweke kwenye x10, swichi inayopunguza mawimbi mara kumi. Kwenye x1 ni kama umeunga kapasita ya pikofaradi 100 hivi kwenye kristali: masafa yanahama, au kristali inazima kabisa, nawe unaanza kubadilisha kristali nzima. Kama saketi ina pini inayotoa saa iliyokuzwa, yaani mapigo ya kristali yaliyokwisha kuongezwa nguvu, pima hapo, miguu ya kristali iache.