Re: Mbali na sokwe, Uganda kuna nini cha kupiga picha?

Dada, umesema una siku mbili tu, unaingilia Malaba, mpakani na Kenya, na unataka sanaa pamoja na mandhari. Basi achana na magharibi kabisa, utamaliza muda barabarani. Baki mashariki.

Anzia Nyero, karibu na mji wa Kumi. Ni majabali ya matale yenye michoro ya kale, mingi ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara ndani ya duara, na maumbo marefu ambayo wengine husema ni mitumbwi. Mimi naona anayedai kujua maana yake kwa hakika anabahatisha. Ukuta wa kutazama kwa makini ni ule wa pango la pili, ndio uliojaa zaidi. Rangi imefifia, kwa hiyo flashi itakuharibia picha, na jua kali pia. Siku ya mawingu inafaa. Weka kamera kwenye stendi, acha lenzi ipokee mwanga taratibu. Na tafadhali usimwagie mwamba maji ili rangi "itoke", hata kijana wa pale akikushauri.

Ukitoka hapo pitia Mbale, upande Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Maporomoko ya maji hapo ni matatu. La chini ndilo refu, kama mita 100 hivi. Watu wengi hupiga maji tu. Geuka upande wa pili jioni, utaona tambarare zote chini yako jua likizama. Beba kitambaa kikavu cha lenzi.