Re: Programu ya kujisomea habari za mazao yenyewe

Dogo simama hapo hapo. Uliposema "nikishaiwasha naiacha isome mtandaoni mchana na usiku, narudi baada ya mwezi nakuta imeshajua mazao yote" ndo chai yangu imepoa. Mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo hapa Dodoma, na mpaka leo kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa nikimwona stendi napitia nyuma ya mabasi.

Iko hivi. Programu yangu niliipa mazao 15 ya kuanzia, uwele, mtama, alizeti, zabibu, karanga na mengine. Yenyewe inatafuta sentensi zenye hayo majina, inatoa jina inabaki na pengo, halafu chochote itakachokuta kwenye pengo hilo huko mbele inakiandika zao. Wiki mbili za kwanza raha tupu, imejua choroko, ufuta, mbaazi bila kuambiwa. Nikaenda zangu msibani Kondoa, nikarudi, nikakaa tena wiki kibao bila kuifungua. Kumbe imeshaingia kurasa za mpira! Beki kapigwa mtama. Mtama si zao? Basi "kapigwa ___" ikawa sentensi ya kilimo, ikaingia chenga, na chenga ikapita kirahisi maana kuna chenga za mchele, ikafuata tobo, kanzu, picha, mpaka faini. Kila takataka inakuja na sentensi yake mpya, na sentensi hiyo inavuta takataka zingine.

Nikaenda kwa mteja bila kukagua (akili zangu nazijua mwenyewe). Mzee anauliza zao gani linatajwa sana msimu huu, skrini inajibu: kanzu. Akaitazama kanzu aliyovaa, akasema "mwanangu, hii yangu gunia shilingi ngapi?" Advansi ya laki nane nilirudisha kwa awamu.

Na yule mtaalamu wa semina aliyetula elfu hamsini kila kichwa, eti "data ikiwa nyingi makosa yanajifuta yenyewe". Yanajifuta wapi, yanazaana kama panya ghalani! Angesoma kidogo angetuambia timu ya Tom Mitchell pale Carnegie Mellon, Marekani, waliwasha programu yao NELL Januari 2010 kwa kazi hii hii ya kujisomea mtandaoni, ikaja kuweka kuki za brauza (vile vifaili vidogo tovuti inavyokuachia, kwa Kiingereza "cookies", neno lile lile la biskuti) kundi moja na keki na mikate, na kwa vile watu huandika wamefuta kuki, wamefuta mafaili, mafaili nayo yakawa vitafunwa. Na NELL makundi yake yalikuwa yanachungana, yaani kitu kikishakuwa chakula kinabanwa kisiwe kitu kingine, ujanja ambao mimi sikuwa nao, na bado ikabidi watu waingize mkono.

Kwa hiyo sentensi yenye pengo ikizaliwa isifanye kazi mpaka uisome kwa macho yako. Mimi sasa hivi nazipanga foleni, kila usiku nasoma 50 kabla ya kulala. "Kapigwa ___" ningeiona siku ile ningecheka nikaifuta, basi.

Seva ya kukodi na kurasa ngapi kwa siku, sijui na nini kingine uliuliza, wadau watakujibu. Wewe niambie, umeshaiwasha? Kama tayari, izime sasa hivi utupie hapa hizo sentensi zake tuzione.