Maswali Yenu: Yule wa Mikumi ni fisi au mbwa?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Juzi tuko kwenye basi tunapita Mikumi jioni hivi, tukaona wanyama kama sita wana mabaka, masikio makubwa ya duara, wanakimbia pembeni ya lami. Konda anasema fisi, dada niliyekaa naye anabisha eti ni mbwa tu waliotoroka mjini. Nani yuko sahihi? Na je wanakula watu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wote wamekosa, ila huyo dada kakaribia. Hao ni mbwa mwitu, na mmepata bahati kweli, mana kuna wageni wanalipa hela nyingi wanazunguka porini na bado hawawaoni. Sio mbwa wa mtaani aliyekimbia, ni aina yake kabisa, hata vidole vya miguu ya mbele anavyo vinne tu wakati mbwa wa nyumbani ana vitano. Fisi ndo hayumo kabisaa kwenye ukoo wa mbwa, yuko karibu zaidi na nguchiro na paka, sura tu inadanganya. Angalia mgongo, wa fisi unashuka nyuma.

Kuwaona hapo sio ajabu. Mikumi imepakana na Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous, na huko kusini pamoja na Ruaha ndo kwao hasa. Kundi moja linaweza kuzunguka mamia ya kilomita za mraba, sasa hifadhi gani ndogo itawatosha, wakitoka nje wanakutana na magari, mitego ya waya na magonjwa ya mbwa wetu. Serengeti walipotea mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kichaa cha mbwa kikatajwa sana, halafu 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, ikaua karibu theluthi ya simba wa hukohuko! Ndo mana chanjo ya mbwa vijijini ni ishu ya hifadhi pia.

Ndugu zao wengine ni bweha. Bweha miraba anapenda misitu ya miombo, mwenye mgongo mweusi anapenda kukavu na wazi, na bweha masikio (huyu ndo kipenzi changu) yuko nyanda za majani mafupi anakula mchwa, na baba ndo anabaki shimoni kulinda watoto.

Kula watu hapana, wao chakula chao ni swala. Ila mbuzi asiye na mchungaji, hapo siwatetei.