Mwandishi hapambi harusi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomesha Kiswahili kidato cha tatu huku Kitale. Mwanafunzi wangu, akijibu swali juu ya riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, ameandika hivi: "Mwandishi ametumia mbinu ya majazi, kwa mfano Nasaba Bora, Majisifu na mtoto Uhuru, ili kuipamba kazi yake." Nikampa alama zote. Mwalimu mwenzangu akaja juu: Uhuru si majazi, ni taashira. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tuamue.

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana haki, na nitalimaliza hilo upesi kwa sababu kuna jambo jingine katika sentensi hiyo linalonikereketa zaidi.

Majazi ni jina linalokwenda sambamba na mwenendo wa mhusika. Mwalimu Majisifu anajisifu. Hapo hata mtoto wa darasa la nne hahitaji msaada. Uhuru ni kitoto kichanga. Hajasema neno, hajatenda jema wala baya, mwenendo wenyewe bado hana. Jina lake haliielezi tabia yake, linasimama badala ya jambo kubwa kuliko yeye, na kazi hiyo ndiyo ya taashira. Ukipenda asili, majazi ni neno la Kiarabu, na katika balagha ya Waarabu, yaani elimu yao ya ufasaha wa lugha, lilikuwa pana kuliko letu: ni neno lolote lililoondolewa kwenye maana yake ya asili likapelekwa kwingine, kama vile kusema jembe ukakusudia ukulima. Madarasa yetu yamelibana mpaka likawa la majina ya wahusika tu. Limeshazoeleka, sina ugomvi nalo. Ila msilichanganye na lakabu, ambalo ni jina la kupachikwa na watu, kama Watanzania walivyomwita Rais Ali Hassan Mwinyi Mzee Ruksa.

Haya. Sasa tuje kwenye "ili kuipamba kazi yake".

Kipande hiki nimekutana nacho katika insha, katika miongozo inayouzwa kando ya stendi, na mara moja moja, Mungu atusamehe, katika tasnifu za vyuo vikuu. Kina ndugu zake: "ili kuleta ladha", "ili kumvutia msomaji", "ili kuondoa uchovu". Kinachokuja kabla yake hakina umuhimu. Weka tashbihi, weka takriri, weka mbinu rejeshi, mkia ni uleule. Anayeandika hivyo anamwona mwandishi kama mtu aliyeajiriwa kupamba ukumbi wa harusi: hadithi imekwisha kujengwa, viti vimepangwa, naye anapita na maua ya plastiki, tashbihi pale, methali hapa, majazi juu ya jukwaa la maharusi. Kesho maua yatang'olewa na ukumbi utabaki ukumbi.

Basi mng'oeni Uhuru katika riwaya ile tuone kitakachobaki.

Ken Walibora alimfanya Mtemi Nasaba Bora kuwa mtawala wa Sokomoko. Mtemi huyo anazaa nje ya ndoa, na mtoto anatupwa mlangoni kwa Amani, kijana maskini anayemfanyia kazi Mtemi yuleyule. Amani anamlea mtoto akisaidiana na Imani. Mtoto anaitwa Uhuru. Anaugua, anakosa matibabu, anafariki, kisha waliomlea ndio wanaosingiziwa kifo chake. Kufikia hapo ni kisa cha kusikitisha, cha aina inayotangazwa kwenye taarifa ya habari kabla ya michezo. Sasa kiandikeni tena bila herufi kubwa: mtawala alizaa uhuru, akautupa; amani na imani zikauokota zikaulea; uhuru ukafa kwa kutotunzwa, na waliokuwa wakiulea wakabebeshwa lawama. Hiyo ni historia ya nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1960, imekaa katika mistari miwili, na mwandishi hakulazimika kutuhutubia hata kidogo. Aliacha majina yafanye kazi. Mwiteni mtoto huyo Juma na riwaya itapoteza nusu ya hoja yake. Pambo gani hilo ambalo ukiliondoa nyumba inaanguka?

Sijamaliza. Mwangalieni na baba. Jina lake linajigamba kwa ukoo: nasaba, tena bora. Mtu wa nasaba bora anaitupa damu yake mlangoni kwa mtumishi. Mwanafunzi wako ameliweka jina hilo kapu moja na Majisifu, na hapa mimi na wewe tungebishana mpaka chai nyingine ipoe, kwa kuwa mambo hayo mawili ni tofauti kabisa. Jina la Majisifu linakubaliana na mtu. La Nasaba Bora linamkana. La kwanza ni majazi ya wazi. La pili ni majazi yaliyogeuzwa ndani nje yakawa kinaya, yaani jina linalosema kinyume cha hali ilivyo, na kinaya hiyo haionekani siku ya kwanza tunapokutana na Mtemi. Inakua kadiri matendo yake yanavyojitokeza. Mwanzoni tunalisoma jina kama cheo, mwishoni tunalisoma kama tusi, wala hakuna herufi iliyobadilika. Mwandishi anayeweza kumbadilishia msomaji maana ya jina bila kuligusa hajapamba chochote. Ameshtaki.

Mtaniambia kuna waandishi ambao majina yao yako wazi tangu ukurasa wa kwanza, nao ni wakubwa. Ni kweli. Shaaban Robert hakujisumbua kuficha. Katika Adili na Nduguze, ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu, na msomaji anayeshangaa walipomtendea Adili uovu alaumiwe yeye, si kitabu. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, anayeshtaki ni Majivuno na anayeshtakiwa ni Karama. Hukumu ya msomaji imetolewa kabla ya shahidi wa kwanza. Lakini hizo ni hikaya, hadithi za mafunzo, na hikaya haina haja ya kutufanya tubahatishe nani mwema. Inataka tuone wema na uovu vikisimama mbele ya baraza, vikibishana. Isitoshe, fikirini aliyeandika alikuwa nani: karani wa serikali, Mwafrika, chini ya Waingereza katika Tanganyika. Kosa la Karama ni kuanzisha somo la uanasheria, yaani kuwafundisha watu kuihoji sheria. Nchi ya Kusadikika ameiweka angani. Mwongozo fulani niliousoma unasema mandhari hayo ni ya "kuvutia na kuipa kazi mvuto". Kuvutia na mvuto, jamani, katika sentensi moja. Nchi ile iko angani kwa sababu iliyo ardhini ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanasoma. Hayo ni maficho.

Twendeni nyuma zaidi, kwa wale wanaodhani ushairi angalau ni mapambo. Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, inatutembeza katika majumba ya mabwana wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, baada ya utajiri wao kwisha. Mshairi anataja taa za kioo na za shaba zilizowaka, anataja madaka, vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani za kaure. Kisha anatuonyesha madaka yale yale yakiwa vitanda vya makinda ya ndege, na bundi wakikoroma ndani ya nyumba. Taswira hiyo imejaa mapambo kwelikweli, ila yameingizwa kwenye shairi ili tuyaone yakiwa yamekufa. Mshairi anauambia moyo wake kwamba dunia hudanganya, na badala ya kuueleza anaupeleka dakani ukajionee. Umwendee mtu huyo umwambie ametumia taswira ili kupamba!

Nikiri kwamba neno kupamba lina mahali pake. Kila msimu wa maigizo ya shule tunaletewa Mheshimiwa Tumbo, Pasta Sadaka na Daktari Tiba, watu ambao baada ya kutajwa hawana la kutenda isipokuwa kula, kukusanya na kutibu. Jina limesema yote, mhusika amebaki kulirudia. Hapo kweli mwandishi amepamba, tena kwa maua yaliyokwisha kufifia. Hao ndio nisingewapa alama.

Na kile kitenzi "ametumia" je? Nacho hunichosha, lakini nimezeeka na sina tena nguvu za kukifukuza. Mwanafunzi akisema "mwandishi ametumia majazi" amekiri kwamba ameliona jambo, kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Ni mwanzo. Najua pia mazingira ya mtihani: karatasi ya tatu, muda unakwenda, msahihishaji anatafuta mbinu na mfano, na mwalimu wa kidato cha nne ameshawaambia kwamba asiyeitaja mbinu kwa jina hapati kitu. Sitamlaumu mtoto kwa kuzungumza lugha ya mlango anaotaka ufunguliwe. Aseme "ametumia". Ninachokataa ni kuweka nukta baada ya mfano, au kubandika ule mkia wa kupamba mahali ambapo palihitaji sentensi moja ya kufikiri.

Na sentensi hiyo si ngumu, wala haihitaji misamiati ya chuo kikuu. Muulize mwanafunzi wako maswali mawili tu: jina hili linakubaliana na mtu au linampinga? Na kama mtu huyu angeitwa jina jingine, ni jambo gani kitabuni ningelikosa? Kwa Majisifu atajibu kwa neno moja. Kwa Nasaba Bora itabidi aende mpaka mlangoni kwa Amani. Kwa Uhuru, kama ana akili niliyoiona katika mwandiko wake wa kuchagua mifano mitatu isiyofanana hata kidogo, atanyamaza kwanza, kisha ataandika kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote.

Kwa hiyo, hukumu. Alama ya Majisifu ibaki. Ya Nasaba Bora mpe nusu, umwambie nusu nyingine anaidai kwa neno kinaya. Ya Uhuru iondoe, umrudishie daftari aandike upya chini ya taashira, mwenzako afurahi. Na hapo pa "ili kuipamba kazi yake" piga mstari wa wino mwekundu, mnene, halafu ukipata nafasi ukaupige pia katika mwongozo alikokinakili.