Maboksi Yako Yanapinda? Refusha Mistari

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: amejaza daftari kwa maboksi ya pespektivu ya nukta tatu (kuchora kitu kionekane kina umbali, mistari yake ikielekea nukta tatu) na bado yanaonekana yamebonyea. Anauliza kama aache. Usiache, mdogo wangu.

Mimi hasira ndiyo iliyonisukuma. Kuna ofisi ya matangazo hapa Dar niliipelekea michoro ya maghorofa ya Posta yakitazamwa kutoka chini. Bosi akaipitia haraka haraka, akasema, "Majengo yako yanaanguka," akanirudishia. Hakunieleza kwa nini. Mpaka leo linanichoma, maana maelezo ya dakika moja yangenitosha.

Nikawa naenda upande wa Kurasini kuchora makontena juu ya malori yanayosubiri kuingia bandarini. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.1, upana mita 2.44 na kimo mita 2.59, ni boksi tu, na kila lori limeegeshwa kivyake. Mwalimu bora kuliko hapo sijampata. Mwaka jana ofisi nyingine ilinunua mchoro wangu wa bandari nzima, na hakuna kontena lililoanguka.

Sasa sikiliza. Boksi lina kingo 12, makundi matatu ya nne nne, na kila kundi lina nukta yake linakoelekea, ambayo mara nyingi iko nje ya karatasi. Anza na kona iliyo karibu nawe, toa mistari mitatu, jenga iliyobaki bila rula, hata kingo zilizojificha nyuma. Ukimaliza, shika rula na peni nyekundu, urefushe kila mstari kuelekea kule unakotokomea. Minne ikizidi kusogeleana, umepata. Miwili ikiachana, umeliona kosa. Mara nyingi utalikuta kwenye kona ya nyuma kabisa, kwa sababu mistari ya mwisho inakutana pale na makosa yote ya mwanzo yanajumlishwa huko.

Usifute. Chora jingine, na kila unapoweka mstari watazame wenzake wote watatu, siyo jirani peke yake. Bila mistari myekundu unachosha mkono tu. Nasema tena: refusha mistari!

Wapo watakaokwambia Edward Saidi Tingatinga alipaka wanyama wake kwa rangi ya baiskeli bila pespektivu yoyote, na wazungu wakanunua. Kweli, na namheshimu sana. Lakini wewe unataka kuchora daladala likikata kona Kariakoo, ukilitazama kutoka ghorofa ya nne. Hiyo haiji bila nukta tatu. Vijana tunapenda kurukia sura za watu na magari ya kifahari, msingi tunauona wa watoto. Kaa na boksi mpaka likutii.

Na ukinitumia kazi zako, nitumie kurasa zenye wino mwekundu. Zile safi sitazifungua.