Mdahalo wa wagombea: maiki isizunguke ovyo

Umesema kikundi chenu kinaandaa mdahalo wa wagombea na mnaogopa wapambe watauteka. Aisee hofu yako ni ya kweli kabisa, ukishampa mtu maiki anaanza hotuba badala ya swali na wenzake wanapiga makofi. Gaweni vikaratasi mlangoni watu waandike maswali, wawili watatu wasiomshabikia yeyote wayachambue, yanayofanana yaunganishwe, halafu mwendeshaji asome na kila mgombea ajibu swali lile lile kwa dakika 2, anayeanza abadilike kila raundi. Mtunza muda akae mbele kabisa na kadi nyekundu. Mialiko itoke siku moja kwa wote, hata yule msiyempenda, na asipokuja tangazeni tu kwamba alialikwa, msimseme vibaya.